Kubadilisha kioo cha mbele na mpira wake kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu magari ambayo kioo chake cha mbele kimeshikwa na mpira peke yake, bila gundi. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yako hivyo, na machache yaliendelea na mtindo huo hata baadaye. Kama kioo chako kimegundishwa kwenye bodi, ruka hadi swali la mwisho.

## Ya mwanzo mwanzo

Mpira wa kioo unafanya kazi gani hasa?

Ukikata kipande na kukitazama kwa upande, utaona mifereji miwili iliyopeana mgongo. Mmoja unauma kioo, wa pili unauma ukingo wa bati unaozunguka tundu la kioo. Mipira mingine ina mfereji wa tatu upande wa nje, wa kupokea mkanda wa kufungia (utepe unaotanua mpira ili uubane kioo) au pambo linalong'aa, ambalo wengi huliita la nikeli hata likiwa la alumini. Kioo chenyewe hakigusi bati popote. Gari likipita kwenye mashimo bodi hujipinda kidogo, na mpira ndio unaomeza mjipindo huo.

Kwa hiyo mpira ukikauka, balaa huja kwa mkupuo: maji yanaingia, upepo unapiga mluzi, na siku moja unakuta ufa umeanzia pembeni wakati hakuna jiwe lililorushwa.

Nitajuaje kwamba mpira umekwisha?

Bonyeza kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Uliokufa hubaki na alama au haubonyei kabisa. Kisha tazama pembe nne. Mpira wa zamani hunywea, na kwa kuwa pembe ndizo zenye mvutano, huanza kuachana na kioo hapo hapo. Nyufa ndogo ndogo zilizojipanga juu ya mpira ni kazi ya jua na hewa. Zulia lenye unyevu miguuni mwa dereva, au rangi inayofura pembezoni mwa kioo, ni dalili kwamba umechelewa kidogo na chini kuna kutu.

Naweza kubadilisha mpira bila kutoa kioo?

Hapana. Unachoweza kubadilisha kioo kikiwa mahali pake ni mkanda wa kufungia tu, kama gari lako linao.

Hii ni kazi ya mtu asiye fundi?

Ni kazi ya watu wawili wenye subira, na wa tatu akipatikana ni nafuu zaidi. Haihitaji nguvu nyingi. Anayetumia nguvu ndiye anayepasua kioo. Kurudisha kioo kunaweza kuisha ndani ya saa moja. Kinachokula muda ni kusafisha ukingo wa bati na kutibu kutu, na hapo unaweza kuzungumzia siku kadhaa. Usiianze wikiendi ambayo Jumatatu yake unalitegemea gari.

Ushauri wangu: kama kioo chako hakitengenezwi tena na ndicho pekee ulichonacho, mlipe mtu aliyekwisha kufanya kazi hii kwenye gari la aina hiyo hiyo, nawe usimame pembeni ukimtazama.

## Kabla ya kununua

Kioo changu ni cha aina gani, na kwa nini nijali?

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kioo cha tabaka: vioo viwili vyembamba vilivyobana karatasi ya plastiki katikati. Kikipigwa hupata ufa, lakini hubaki mahali pake. Ya pili ni kioo kilichokomazwa kwa moto: kipande kimoja kilichopashwa joto kisha kikapozwa ghafla. Hicho kikipasuka hugeuka chenga ndogo ndogo papo hapo, na dereva haoni kitu mbele.

Kioo cha tabaka kilianzia kwenye chupa. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara iliyokuwa imekaukiwa na utando wa nitrati ya selulosi ndani yake. Ilipasuka lakini haikutawanyika. Hati miliki aliipata mwaka 1909, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Ford walikuwa wakifunga vioo vya namna hiyo kwenye magari yao. Hata hivyo, magari mengi ya Ulaya yaliendelea kutoka kiwandani na vioo vilivyokomazwa kwa moto kwa miongo mingi baadaye, kwa sababu vilikuwa vya bei nafuu.

Soma mhuri ulioko kwenye pembe ya kioo. Kioo kilichotengenezwa kwa soko la Marekani chenye alama AS1 ni cha tabaka. Kwenye vioo vya Ulaya vyenye herufi E ndani ya duara na maandishi 43R, namba ya Kirumi I ni kioo kilichokomazwa na II ni cha tabaka. Cha zamani zaidi ya hapo huwa kimeandikwa tu Laminated au Toughened. Kama mhuri umefutika, vaa miwani ya jua yenye kuchuja mng'ao na utazame kioo kwa mshazari. Kilichokomazwa huonyesha madoa au michirizi iliyopangika. Cha tabaka hakionyeshi mpangilio huo.

Gari lilikuja na kioo kilichokomazwa. Naweza kuweka cha tabaka?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ukishafungua tu, hakuna sababu ya kurudisha kilichokomazwa. Hakikisha mambo mawili: umbo ni lile lile, na unene unalingana na mfereji wa mpira. Kioo chembamba kuliko kile ambacho mpira umekusudiwa hucheza ndani ya mfereji na kuvujisha. Kinene hukataa kuingia. Pima ukingoni kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene.

Fahamu pia kwamba wakati wa kufunga, kioo cha tabaka ni dhaifu kuliko kilichokomazwa. Hakipendi kupindwa. Kilichokomazwa kinavumilia kusukumwa, ila kikigongwa ukingoni na kitu kigumu kinamwagika chote.

Nitachaguaje mpira sahihi?

Jina la gari halitoshi. Toa mwaka, aina ya bodi, na useme kama lina pambo la nikeli au halina. Chukua Beetle ya Volkswagen: kuanzia magari ya modeli ya 1965 vioo viliongezwa ukubwa, na hata ndani ya mwaka mmoja kuna mpira wenye mfereji wa pambo na mpira usio nao. Ukinunua usio na mfereji, pambo lako litabaki ukutani.

Mpira ukifika, usiutupe wa zamani hata kama umegeuka makombo. Kata kipande cha kila mmoja, viweke sambamba mezani, ulinganishe kina cha mifereji na mwelekeo wa midomo. Pima pia mzunguko. Mpira uliotengenezwa kwa pembe zilizofinyangwa ni bora kuliko ule unaouzwa kwa mita na kupindwa kwenye pembe, hasa kama kioo chako kina pembe kali. Ule wa mita hupenda kujikunja na kuacha mwanya hapo.

Kuhusu malighafi, tafuta EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Inastahimili jua na hali ya hewa vizuri sana. Adui yake ni mafuta ya petroli na jamaa zake wote, jambo linalohusu swali la kilainishi hapo chini.

Niandae vifaa gani?

Kamba laini ya nailoni ya unene wa milimita 4 hivi, yenye urefu wa mzunguko wote wa kioo na mita moja ya ziada. Kisu kikali. Vijiti vya plastiki au mbao ngumu iliyochongwa bapa, kwa ajili ya kuinua midomo ya mpira. Bisibisi haina nafasi karibu na kioo. Sabuni ya maji na chupa ya kupulizia. Brashi ya waya, msasa, dawa ya kutu, praima na rangi. Blanketi mbili za kulaza kioo. Glavu na miwani ya kujikinga, na hizo si za mapambo. Kama gari lina mkanda wa kufungia, tafuta pia kifaa chake chenye kitanzi mbele. Bila hicho utaumiza vidole kwa saa nzima na mkanda hautaingia.

## Kutoa kioo cha zamani

Nianzie wapi?

Anza kwa kuondoa kila kitu kinachokizunguka: mikono ya waipa, kioo cha kutazamia nyuma kama kimeshikwa juu ya fremu, vizuia jua, na vipande vya dashibodi vinavyokalia mdomo wa ndani wa mpira. Tandika blanketi juu ya boneti na nyingine juu ya dashibodi. Ziba matundu ya hewa ya dashibodi kwa utepe wa karatasi. Sababu yake utaiona kwenye swali linalofuata hili.

Kama mpira hautatumika tena, na mara nyingi hautumiki, usijisumbue kuusukuma. Kata mdomo wa nje kwa kisu kuzunguka kioo chote, uung'oe, kisha kioo kitatoka kwa kunyanyuliwa tu kutoka nje. Pambo la nikeli litoe mapema, taratibu, ukianzia kwenye kibanio kinachofunika maungio. Alumini ikijikunja hainyooki ikarudi ilivyokuwa.

Wapo wanaokaa kwenye viti vya mbele na kusukuma kioo kwa nyayo. Inawezekana kwa kilichokomazwa. Kwa cha tabaka, ndiyo njia fupi ya kwenda kununua kingine.

Kioo changu kimekwisha kuvunjika chenga. Nifanye nini kabla ya kuweka kipya?

Safisha mifereji ya hewa ya dashibodi kwanza. Chenga huanguka ndani ya matundu ya kuondolea ukungu na kukaa humo kimya. Siku utakapowasha feni kwa nguvu, zitarushwa usoni kwa dereva. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, kisha fungua mabomba ya hewa chini ya dashibodi na uyakung'ute. Baada ya hapo washa feni kwa kasi ya juu kabisa ukiwa nje ya gari, ukiwa umefunika matundu kwa kitambaa, uone kama kuna kinachotoka. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi.

Usisahau njia ya maji chini ya boneti na mifuko ya viti. Chenga ni wazururaji.

Mpira wa zamani naweza kuutumia tena?

Kama bado ni laini, haujapasuka, na ulitolewa bila kukatwa, inawezekana. Lakini ukifikiria kazi yote uliyoifanya kufika hapo, kurudisha mpira wa miaka ishirini ni kujipangia kuirudia.

## Kutu na ukingo wa bati

Nimefungua nimekuta kutu. Je, ni kubwa kiasi cha kuhitaji kuchomelewa?

Karibu kila gari la umri huo lina kutu hapo, na mara nyingi ni kwenye pembe mbili za chini, ambako maji hutuama chini ya mpira. Choma choma kwa ncha ya bisibisi (hapa inaruhusiwa, kioo hakipo). Bati likibaki gumu na kutu ikawa ya juu juu, isugue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori kwenye vishimo vilivyobaki, suuza na kukausha kama kopo linavyoelekeza, kisha praima ya epoksi na rangi.

Ncha ikipenya, au ukingo ukiwa umeliwa na kubaki kama meno ya msumeno, kata na uchomelee bati jipya. Kujaza kwa fila hakufai. Ukingo huu ndio unaoumwa na mpira. Unene wake ukibadilika, mpira haukai. Fila nayo hupasuka bodi ikijipinda, na maji hupata njia mpya.

Baada ya kuchomelea, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Kila kinundu cha weldi ni mahali pa kioo kupasukia. Kisage kiwe sawa na bati.

Nisubiri muda gani baada ya kupaka rangi?

Fuata maelezo ya kopo, na ukiweza ongeza siku chache. Rangi iliyokauka kwa juu lakini bado laini ndani hushikana na mpira, na kamba ikipita inaichuna. Hapa ndipo watu wengi huharakisha, kwa sababu gari lisilo na kioo linasumbua kulifunika.

Kuna haja ya kujaribisha kioo bila mpira?

Ipo, na ni dakika tano tu. Mshike kioo wawili, mkiweke mbele ya tundu lake, na mtazame nafasi kati ya ukingo wa kioo na ukingo wa bati. Inapaswa kufanana pande zote. Kama juu kuna nafasi ya kidole na chini hakuna, au kioo kimejipinda tofauti na bodi, bora ujue sasa. Gari lililowahi kugongwa mbele au kubiringika mara nyingi hujifichua hapa.

## Kurudisha kioo

Nitumie kilainishi gani?

Maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha. Gliserini ni nzuri pia, na hukauka polepole zaidi. Usitumie grisi, mafuta ya injini, petroli wala mafuta ya mgando ya kupaka mwilini: vyote vinatokana na petroli na hufanya mpira wa EPDM uvimbe na kulegea. Hutaona madhara siku hiyo, utayaona baada ya miezi.

Njia ya kamba inafanyikaje?

Huu ndio moyo wa kazi, na inafaa kwa magari mengi ambayo mpira wake hauna mkanda wa kufungia.

Lainisha mpira kwanza kwa kuuanika juani au kuuloweka kwenye maji ya moto yasiyochemka. Laza kioo juu ya blanketi, uvishe mpira kukizunguka, ukianzia pembe za juu, na uhakikishe kila pembe ya mpira imekalia pembe ya kioo sawasawa. Mdomo wa ndani wa gari uko upande gani? Angalia mara mbili. Mpira uliovaliwa kinyume huonekana sawa mpaka dakika ya mwisho.

Sasa ingiza kamba ndani ya mfereji utakaouma bati, kuzunguka mpira wote. Ncha mbili zikutane katikati ya upande wa chini na zipishane kwa kiasi cha sentimita 30, kisha ziache zining'inie kwa upande wa ndani wa gari. Zishike kwa utepe kwenye kioo ili zisipotee. Puliza maji ya sabuni kwenye mfereji na kwenye ukingo wa bati.

Inueni kioo pamoja, mkiweke kwenye tundu kwa kuanzia chini, na muhakikishe mpira umekaa juu ya ukingo wa chini kwa urefu wake wote, katikati kabisa. Aliyeko nje anakandamiza kwa viganja vilivyofunguliwa, taratibu, akifuata mahali kamba inapotoka. Aliyeko ndani anavuta ncha moja, akiielekeza katikati ya gari na sambamba na kioo, si moja kwa moja kuelekea kifuani kwake. Kamba inapotoka, inauvusha mdomo wa mpira juu ya ukingo wa bati, sentimita moja baada ya nyingine, kama uzi wa gunia unaofumuka ukivutwa upande sahihi. Malizeni upande wa chini, kisha mpande pembeni kidogo kidogo kwa kupokezana ncha mbili, na upande wa juu uwe wa mwisho.

Kamba ikikwama, usivute kwa nguvu zaidi. Simama. Aliyeko nje apige kwa kiganja karibu na hapo, ongeza sabuni, jaribu tena. Mara nyingi mpira umejikunja, au kioo kimesogea upande mmoja.

Pambo la nikeli linaingizwa kabla au baada?

Inategemea mpira. Kwenye Beetle yenye pambo la alumini, pambo huingizwa kwenye mpira ukiwa umevishwa kioo lakini kabla ya kukipeleka kwenye gari. Ukijaribu baadaye utalikunja. Kwenye mipira yenye mkanda mwembamba wa kufungia, mkanda huingia mwishoni.

Mkanda wa kufungia unaingizwaje?

Mkanda huu ndio unaotanua mpira na kuubana kwenye kioo. Lowesha mfereji kwa sabuni, pitisha mkanda kwenye kitanzi cha kifaa, kisha sukuma kifaa mbele huku kikifungua midomo na kuulaza mkanda nyuma yake. Usiuvute. Mkanda uliovutwa hurudi ulivyokuwa baada ya siku kadhaa na kuacha pengo. Ukifika mwisho, ukate ukiwa mrefu zaidi kwa sentimita moja hivi na uuingize kwa kuubana. Maungio yake yasikae mahali pamoja na maungio ya mpira.

Pembe moja imekataa kabisa. Nini shida?

Mara tisa kati ya kumi kioo kimeelea kuelekea upande wa pili. Nenda kwenye pembe iliyo kinyume, ukisukume kwa kiganja kirudi katikati, kisha jaribu tena. Ikishindikana, toa kioo. Kukilazimisha ni kukipasua. Cha tabaka hutoa ufa unaoanzia ukingoni na kupanda juu kama umechorwa.

Nipake gundi ya kuzuia maji?

Mafundi hawaafikiani hapa. Msimamo wangu ni huu: mpira mpya, ukingo mnyoofu na kioo cha kipimo sahihi havihitaji kitu. Anza bila gundi, pima kwa maji, kisha amua. Viwanda vingine vilitumia ute usiokauka kati ya mpira na bati. Kama kitabu cha gari lako kinasema hivyo, kifuate.

Kama lazima upake, tumia ute wa butili usioganda, unaouzwa kwa ajili ya vioo vyenye mpira. Ingiza pua ya chupa chini ya mdomo wa nje, paka mstari mwembamba, futa ziada kwa spiriti nyeupe kidogo iliyoko kwenye kitambaa, bila kuuchovya mpira. Silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki iache dukani. Inapokauka hutoa asidi ya siki, inayoanzisha kutu kwenye bati lile lile ulilotoka kulitibu, na kuja kuiondoa ni adhabu.

## Maji bado yanaingia

Nipimeje uvujaji?

Mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi kavu. Wa pili amwagie maji kutoka kwenye bomba la mpira lisilo na shinikizo kubwa, akianza chini ya kioo na kupanda polepole, akikaa dakika kadhaa kila sehemu. Ukianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Mashine ya kuoshea yenye msukumo mkubwa haipimi chochote. Inalazimisha maji kupita hata kwenye mpira mzima.

Ukipata tundu, weka alama kwa utepe nje na ndani. Maji huweza kuingia pembe ya juu, yakasafiri ndani ya mfereji wa mpira, na kudondoka katikati chini.

Mpira uko sawa, lakini zulia bado linalowa. Yanatoka wapi?

Kabla ya kuulaumu mpira, kagua mashina ya waipa na vipete vyake, tundu la hewa chini ya kioo na mifereji yake iliyozibwa na majani, maungio ya mfereji wa paa, na mirija ya kutoa maji kama gari lina paa la kufunguka. Radiata ya kipasha joto nayo hutoboka. Onja kwa kidole? Hapana, kipozeo ni sumu. Kinusie tu, au uangalie kama kinateleza na kina rangi. Maji ya mvua hayana sifa hizo.

## Magari yenye tabia zake

Gari langu ni Mini ya zamani. Kamba inafaa?

Mini hufuata utaratibu tofauti: mpira huvishwa kwenye bodi kwanza, kioo kinaingizwa ndani ya mpira kwa kuinua mdomo kwa kijiti cha plastiki, na mkanda wa kufungia ndio wa mwisho. Mengine yote kuhusu kutu, sabuni na kupima uvujaji hayabadiliki.

Kioo changu ni vipande viwili vyenye mhimili katikati.

Morris Minor ya kabla ya 1956 iko hivyo, na basi dogo la Volkswagen Type 2 la mpaka 1967. Kila upande una ncha yake pale katikati, na hapo ndipo maji yanapopenda kupita. Badilisha mipira ya pande zote mbili kwa wakati mmoja; mpira mpya ulio laini na wa zamani uliokakamaa havibani mhimili sawasawa. Jambo zuri ni kwamba vioo vyenyewe mara nyingi ni bapa, hivyo fundi wa vioo anaweza kukata vipya kutoka kwenye kioo cha tabaka akifuatisha kigezo.

Kioo kina mikwaruzo ya waipa. Kisuguliwe au kibadilishwe?

Pitisha ukucha. Usiponasa, unga wa oksidi ya seri na pedi ya kitambaa kigumu vitauondoa, kwa muda mrefu na maji mengi ili kioo kisipate joto. Ukinasa, badilisha. Kusugua mkwaruzo wa kina kunaacha bonde ambalo usiku hupindisha taa za magari yanayokuja, mbele ya macho ya dereva kabisa. Weupe kama maziwa ukingoni mwa kioo cha tabaka nao hausuguliki. Ni plastiki ya kati iliyoanza kuachia.

Kioo cha nyuma nacho hufuata njia hii?

Ndiyo, ila kwa kawaida ni kilichokomazwa, na kama kina nyaya za kuondolea ukungu, tenganisha waya kabla ya kukigusa na usipitishe kijiti juu ya ile mistari. Vituo vya kuunganishia waya hubanduka kwa urahisi.

Kioo changu kimegundishwa. Naweza kukigeuza kiwe cha mpira, au kinyume chake?

Usifanye. Ukingo wa bati wa kioo cha gundi ni tambarare na mpana, na hauna umbo la kuumwa na mpira. Kwenye magari mengi ya namna hiyo kioo pia husaidia kuipa bodi ugumu, hivyo hukatwa kwa waya na kurudishwa kwa gundi ya poliyurethani kwa vipimo vya kiwanda, kazi ya mtu mwenye vifaa.

Kinyume chake, kumwaga poliyurethani kwenye gari la mpira ili lisivuje, ndilo jambo linalowapa mafundi wa baadaye maumivu makubwa zaidi. Kioo kinaacha kuelea, mjipindo wa bodi unaishia kwenye kioo chenyewe, na siku kikipasuka hakitoki bila kuharibu ukingo wa bati. Ukikuta gari lako lilifanyiwa hivyo, kata taratibu kwa waya, kwangua mabaki kwa wembe mpaka ufike kwenye rangi, kisha rudi kwenye sehemu ya kutu hapo juu, maana karibu hakika utakutana nayo.